Mwekezaji Ataondoka, Spana Itabaki kwa Nani?

Najua nimepotea. Testi zilifuatana kama siafu, bumu likachelewa, na kompyuta ninayoandikia ina mwenyewe. Leo nimerudi, tena nimerudi na hasira kidogo, kwa hiyo asiyependa kelele akae pembeni mapema.

Chanzo ni semina yetu ya wiki hii. Swali ni lile ambalo kila mtu analijua tangu Fomu Tatu: uwekezaji kutoka nje ndiyo nguzo ya nchi ambazo uchumi wake unachipukia, jadili. Jamaa mmoja wa kundi letu, kichwa kwelikweli na simtaji, akasimama akanigeukia mimi: "Nyie watu wa kusini mna korosho, mna gesi, mna bandari. Mnachokosa ni mwekezaji mmoja mkubwa tu." Watu wakatikisa vichwa. Ubaoni yakaandikwa yale manne ya siku zote: ajira, mtaji, teknolojia, masoko. Tukanakili, muda ukaisha, na mimi mkono wangu bado uko juu. Basi jibu langu hili hapa.

Mimi ni mtoto wa Lupaso, wilaya ya Masasi. Ada yangu ya shule ilitoka mtini, na sioni aibu kusema. Ukitoka Masasi mjini kwenye yale majabali, ukaenda Ndanda, ukapanda mpaka Newala juu kwenye uwanda wa Makonde, ni mikorosho kulia na kushoto. Kwa hiyo kwenye hili siongei kama mtu aliyesoma madesa usiku wa kuamkia mtihani. Na ninachosema ni kwamba kusini hatujawahi kukosa mwekezaji mkubwa. Tumepata wakubwa, tena wakubwa mno. Tulichokosa ni watu wa kuuthamini ujuzi wa kwetu, kuulipa na kuukuza. Mtaji wa mgeni ukikuta ujuzi wa mwenyeji, unazaa. Usipoukuta, unaacha mabati yenye kutu.

Tuanze na mwekezaji wa kwanza, maana watu wamemsahau. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja na mradi mkubwa wa karanga. Maeneo yalikuwa matatu: Kongwa, Urambo, na huku kwetu Nachingwea. Wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda bara. Walikuja na matrekta, wahandisi na wanajeshi waliostaafu vita. Mtaji ulikuwepo wa kumwaga. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na serikali yao ikafuta hesabu ya pauni milioni 36 hivi. Ardhi iliwashinda, mvua ikawashinda, visiki vikawashinda. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Babu zetu waliokuwa wanaijua ile ardhi kwa unyayo waliajiriwa kung'oa visiki. Kuhusu mvua hakuna aliyewauliza.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Miaka hiyohiyo na iliyofuata, wakulima wadogo wa Masasi, Newala na Mtwara walikuwa wanapanda mikorosho. Mkorosho si mti wetu wa asili, ulitoka Brazil ukaletwa na Wareno, hilo tunalijua. Lakini nani aliyegundua kwamba mti huu unaweza kukaa na muhogo na mbaazi kwenye shamba moja, kwenye mchanga ule wa uwanda usioshika maji? Mkulima. Hakuna trekta, hakuna mhandisi, na hakuna aliyekopeshwa pauni milioni. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilifikisha tani kama 145,000 za korosho, tukawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Linganisheni wenyewe: karanga za pauni milioni 36 zilikwenda na maji, korosho za jembe la mkono zikalisha mkoa mzima. Hilo kwenye kitabu cha Jografia cha sekondari haliitwi ubunifu. Linaitwa "kilimo cha kujikimu." Jamani!

Baada ya hapo wakaja wakubwa wa pili. Safari hii mwenye mradi alikuwa serikali yetu, ila fedha zilikuwa za mikopo, ikiwemo ya Benki ya Dunia, na mashine zilikuwa za Kitaliano na za Kijapani. Wazo lilikuwa zuri kabisa, sibishani nalo: kwa nini tuuze korosho ghafi India wabangue wao? Tubangue wenyewe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa na viwanda 12 vyenye uwezo wa kubangua tani 113,000 kwa mwaka. Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, Nachingwea, Mtama, Tunduru, Kibaha, Dar es Salaam. Masasi kiwanda, Newala viwanda viwili! Ungetaka nini zaidi?

Kilichofuata mnakijua kwa kuangalia majengo. Wakati mashine zinafungwa, korosho zenyewe zilikuwa zinapotea shambani. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na miti yao, bei ikawa ya kukatisha tamaa, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Msimu wa 1986/87 zilipatikana chini ya tani 20,000 nchi nzima. Viwanda vya tani 113,000, korosho tani 20,000! Vingine havikuwahi kubangua chochote cha maana. Na hata vile vilivyowashwa vilikuwa vinasubiri vipuri kutoka nje, kwa fedha za kigeni ambazo miaka ile hazikuwepo. Kisu kikivunjika, kiwanda kinalala. Mashine ilikuwa imepangwa kwa korosho za ukubwa fulani, na korosho za mti wa bibi yangu hazijui vipimo vya Italia, kwa hiyo karanga zinatoka vipande, na kipande sokoni si bei ya nzima. Bibi, kwa fimbo yake na jiwe na majivu ya kuzuia mafuta ya ganda yasimbabue vidole, anatoa nzima nyingi kuliko unavyodhani. Ila bibi hakuhesabiwa kuwa ni teknolojia.

Hapo ndipo ninapogombana na lile neno la tatu ubaoni. Teknolojia haihami kama ng'ombe, kwamba ukiishika kamba inakufuata. Mashine inaweza kuvuka bahari ikiwa kwenye kontena na kile kinachoiendesha kikabaki kule ilikotoka. Mkataba unaweza kuleta mashine 100 na usilete fundi hata mmoja anayejua kwa nini kisu kimepinda nyuzi kadhaa na si vinginevyo.

Tukaingia miaka ya 1990, ubinafsishaji. Hapa lazima niseme kwa adabu, maana rais aliyeusimamia kwa nguvu zaidi, kuanzia 1995 hadi 2005, ni Mzee Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, na amelala Lupaso tangu Julai 2020. Nyumbani tunampenda, na mimi nampenda. Lakini kupenda si kufumba macho. Viwanda vya korosho viliuzwa kwa matumaini kwamba mwenye mtaji atakuja, atafufua, atabangua. Baadhi vilibangua miaka michache. Vingi viligeuka maghala. Yaani jengo lililokopewa fedha ili tusiuze korosho ghafi likawa ndimo mnamohifadhiwa korosho ghafi zinazosubiri meli. Ukitaka kejeli ya kufundishia Kiswahili Fomu Nne, hiyo hapo, huna haja ya kufungua riwaya.

Na mnajua kitu? Mzee mwenyewe baada ya kustaafu alikuwa mmoja wa waliopaza sauti zaidi kuupinga ule mkataba wa biashara wa EPA kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Ulaya. Mwaka 2016 aliandika waziwazi kwamba ukifungulia bidhaa za Ulaya ziingie bila ushuru, viwanda vichanga vya kwetu havitapumua. Tanzania haikusaini, na Novemba mwaka huo Bunge likaukataa. Kwa hiyo wale wanaonitupia jina lake kila nikiongea ("lakini Mzee wenu ndiye aliyeleta wawekezaji!") wamsome mpaka mwisho.

Sasa twende Vietnam, maana ndiko korosho zetu nyingi zinakokwenda siku hizi pamoja na India. Hawa jamaa mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wanauza korosho ghafi India, kama sisi. Wametoka vitani, maskini, wamewekewa vikwazo na Marekani mpaka 1994. Hawakuanza na kiwanda kikubwa cha kuagiza. Walianza na kimeza cha mtu mmoja: mkono unashika korosho, mguu unakanyaga, kisu kinapasua. Vilitengenezwa kwenye karakana za kwao, na mafundi wa kwao wakavirekebisha msimu baada ya msimu. Kikivunjika, fundi yuko mtaa wa pili. Baadaye wakatengeneza mashine zinazojiendesha. Mwaka 2006 wakaipita India, wakawa wauzaji wakubwa kuliko wote wa korosho zilizobanguliwa duniani. Leo wanatuuzia sisi Waafrika mashine, na wananunua kwetu ghafi ya kulisha mashine zao. Sisi tulianza na kiwanda kikubwa, wao wakaanza na fundi.

Najua kuna mtu ameshapandisha mabega: "Kwa hiyo unataka tufunge mipaka?" Hapana, bwana. Ningekuwa mjinga. Mfano mzuri kuliko yote kusini una fedha za wageni ndani yake, na nautaja makusudi.

Naliendele. Kile kituo cha utafiti pale nje kidogo ya mji wa Mtwara. Ubwiriunga ulipokuwa unaua maua ya mikorosho, watafiti wa pale ndio waliohangaika mpaka ikajulikana kwamba unga wa salfa unaudhibiti, upuliziwe lini na kiasi gani. Wakaja na mbegu bora, zilizochaguliwa kwa miti ya hapahapa kwa miaka mingi. Dk. Peter Masawe na wenzake wametumia sehemu kubwa ya maisha yao ya kazi kwenye hili, na leo kuna aina zaidi ya 50 za mikorosho iliyoboreshwa zilizotoka kwenye kazi ya kituo kile. Waingereza walichangia fedha na wataalamu. Benki ya Dunia pia ilichangia. Salfa yenyewe inatoka nje. Lakini mgeni alipoondoka, ujuzi ulibaki. Kijana wa Newala leo anajua kubebesha mche, anauza miche kandokando ya barabara na hana haja ya kupiga simu London. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ukapita tena tani laki moja. Msimu wa 2017/18 ukafika tani 313,000 hivi. Msimu wa 2024/25 tukapita tani laki tano. Hayo ni matunda ya salfa, mbegu na mikono ya wakulima.

Kwa hiyo tofauti si mgeni na mwenyeji. Kinachotenganisha miradi hii ni swali moja dogo: mgeni akiondoka kesho asubuhi, sisi tutakuwa tunajua kufanya nini ambacho jana hatukukijua? Naliendele jibu lipo. Viwanda 12 jibu ni kuhifadhi magunia.

Sasa tuje kwenye sehemu inayonitia uchungu hasa, namna tunavyowatendea wabunifu wa kwetu.

Kuna fundi mmoja wa kuchomelea pale Masasi mjini, simtaji. Nilipokuwa likizo nilikaa naye mchana mzima. Aliona vile vimeza vya kubangulia vinavyotoka India, akatengeneza cha kwake kwa springi za gari bovu na vyuma vya kuokota, halafu akageuza mkao wa kisu kwa sababu korosho za kwetu zina mgongo tofauti. Akina mama wa kikundi kimoja wakakijaribu, wakakipenda, wakaagiza vinne. Akaenda benki kuomba mkopo wa vyuma. Wakamwambia alete hati ya nyumba. Hana. Akaenda kwenye ofisi nyingine, wakamwambia aandike andiko la mradi kwa Kiingereza. Mwaka huohuo mradi mmoja wa wafadhili ukaleta mashine mpya kutoka nje kwa vikundi vilevile, bure. Akina mama hawakuagiza tena, nani anunue wakati za bure zipo? Mashine zile zilifanya kazi msimu mmoja na nusu. Nilivyoziona mimi zimefunikwa turubai kwenye chumba cha ofisi ya kijiji, kisu kimekatika na kipuri hakipatikani. Fundi wangu siku hizi anachomelea madirisha. Anapata riziki, hajambo, lakini kile kichwa kilichogeuza mkao wa kisu hakitumiki tena. Hesabu hiyo haipo kwenye ripoti ya mtu yeyote.

Msinielewe vibaya, mambo mazuri yapo. SIDO ipo tangu 1973. Mashindano ya ubunifu ya MAKISATU yapo tangu 2019, na vijana wanaitwa jukwaani. Lakini cheti na picha ya pamoja na waziri havinunui chuma. Mwekezaji wa kuuza nje, chini ya sheria ya EPZ ya mwaka 2002, alipewa msamaha wa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10. Miaka 10! Fundi wangu alipewa fomu.

Na mabibo je? Hapa najua wengine mtacheka, chekeni tu. Kila msimu, kwa kila korosho moja kuna bibo moja, tunda zito kuliko korosho yenyewe mara kadhaa. Mengi yanaozea chini. Akina mama wa kwetu wanakamua juisi, wanatengeneza uraka, wengine wanakausha mabibo yakae mwaka mzima, na wengine wanapika gongo. Gongo kupika bila leseni ni kosa, kuna Sheria ya Moshi tangu 1966, kwa hiyo mama anapika usiku, anakimbizana na polisi, na kwa sababu anapika kwa kujificha hakuna anayepima kama pombe yake ni salama. Watu wengine wanadhurika, sitetei hilo hata kidogo.

Ila sasa nendeni Goa, India, walikopelekewa mkorosho na Wareno walewale. Bibo lilelile. Wanalikamua, wanalipika, wanaliita feni. Kile cha mwanzo, chepesi, wanakiita urrak. Mmesikia hilo jina? Urrak, uraka! Mwaka 2009 India iliisajili feni ya korosho ya Goa kama bidhaa yenye utambulisho wa mahali inakotoka, kwamba hakuna mwingine anayeruhusiwa kutumia jina hilo isipokuwa wa Goa. Mtalii anainunua kwenye chupa yenye lebo. Mti mmoja, tunda moja, ujuzi unaofanana: kule ni urithi, huku ni jalada la polisi. Anayechukia pombe, sawa, achukue juisi, siki, jamu, chakula cha mifugo. Hoja yangu iko palepale. Hatujawahi kumkalisha mama yule chini tukamwambia, tuoneshe unavyofanya, tukusaidie ufanye salama na kwa leseni. Badala yake tumekaa tunasubiri mtu wa nje aje na kiwanda cha mabibo.

Mnataka ushahidi kwamba ujuzi ni kitu tofauti na nguvu na fedha? Kumbukeni Novemba 2018. Wanunuzi walitoa bei ndogo, wakulima wakagoma kuuza, Rais Magufuli akaamua serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kusomba. Malori ya jeshi mpaka vijijini, mliyaona. Kama mtu alihitaji kuamini kwamba serikali inaweza, aliamini siku ile. Zikakusanywa zaidi ya tani laki mbili. Halafu? Halafu hatukuweza kuzibangua. Malori yalikuwepo, wanajeshi walikuwepo, amri ilikuwepo, korosho zilikuwepo. Mashine na mafundi hawakuwepo. Januari 2019 ukasainiwa mkataba na kampuni ya Kenya, Indo Power, tani 100,000 kwa shilingi bilioni 418, na miezi michache baadaye serikali ikauacha. Mwisho wa yote tuliwatafuta wanunuzi wa ghafi, walewale wa siku zote. Amri ya Rais inaweza kupandisha bei kwa siku moja. Haiwezi kumfanya mtu awe fundi ifikapo Ijumaa.

Na mwaka huohuo, Juni 2018, kulifanyika jambo ambalo lilipigiwa kelele sana bungeni na wabunge wa kusini. Tozo ya kuuza korosho ghafi nje, ambayo sheria ilisema sehemu yake kubwa, asilimia 65, irudi kuendeleza zao, ilichukuliwa yote ikaingia Hazina. Tozo ile ni asilimia 15 ya bei ya bandarini, au dola 160 kwa tani, ipi kubwa. Pigeni hesabu wenyewe, tumieni hiyo dola 160 ya chini kabisa: tani laki tatu mara dola 160 ni dola milioni 48 kwa msimu mmoja. Siku hizi serikali imekuwa ikigawa pembejeo za ruzuku, salfa ikiwemo, na hilo nashukuru kwa sababu nyumbani wanapata. Lakini mtu asinisimamie darasani akaniambia kusini hatuna mtaji. Mtaji tunao, unapita bandarini kila Novemba. Tunachokosa ni uamuzi wa kuuelekeza kwa fundi.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ni nzito na lazima niijibu: kwamba kubangua kwetu ni ghali, Mvietnam anabangua kwa bei ndogo, soko haliangalii uzalendo. Ni kweli, soko haliangalii. Lakini angalieni hesabu. Kilo nne mpaka tano za ghafi zinatoa kilo moja ya karanga. Kwa hiyo kila meli inayoondoka Mtwara imebeba maganda kwa sehemu kubwa ya uzito wake. Tunalipia nauli ya maganda mpaka Asia! Na maganda yenyewe si takataka, yana mafuta yanayotumika kwenye breki za magari na rangi, na yanaungua vizuri kuliko kuni. Zaidi ya hapo, sisi tunavuna Oktoba mpaka Januari, wakati Vietnam na Afrika Magharibi wanavuna nusu ya kwanza ya mwaka. Nafasi yetu sokoni iko wazi kila mwaka. Kinachotufanya tuwe ghali ni mashine isiyo na fundi. Mshahara wa mama wa Masasi hauna kosa hapo.

Na dalili njema zipo. Chama kikuu cha ushirika cha TANECU, cha wakulima wa Tandahimba na Newala, kimejenga kiwanda chake cha kubangua pale Newala. Cha wakulima wenyewe. Nakiombea kila la heri, na nina swali moja tu kwa viongozi wake: karakana iko wapi? Kama pembeni ya kile kiwanda kuna vijana wa VETA wanaojifunza kuchonga kile kisu, basi tumeanza kuelewa. Kama kisu kikikatika tunapiga simu nje, basi tumejenga ghala la 13.

Sasa wenzangu wa ualimu, hili linatuhusu sisi kuliko wachumi. Miaka miwili ijayo tutasimama mbele ya watoto wa Lupaso, wa Nanyumbu, wa Tandahimba. Mtaala unatutaka tuwape faida sita za uwekezaji wa kigeni, watoto wakariri, wapate alama. Tuwape, mtihani ni mtihani. Ila kipindi kikibaki dakika kumi, tuwaulize: nyumbani kwenu nani anajua kutengeneza kitu? Tuwapeleke kwa fundi, waone. Mtoto apime mwenyewe korosho nzima ngapi na vipande vingapi kwa kimeza hiki na kwa kile. Hiyo ni Fizikia, ni Hisabati, ni Biashara, na haihitaji mfadhili. Tukiwalea watoto wanaoamini kwamba akili inashuka kwenye ndege pamoja na mwekezaji, tutakuwa tumefanya kazi ya mkoloni kwa mshahara wa serikali.

Mwekezaji aje, karibu sana, kiti hiki hapa. Lakini kabla hajakata utepe tumuulize mambo matatu. Mafundi wangapi wa hapa watajua kuitengeneza mashine yako, na siyo kuiwasha tu? Vipuri gani vitachongwa Masasi au Mtwara, na kuanzia mwaka gani? Na ukiondoka, michoro inabaki kwa nani? Akijibu vizuri, tumpe ardhi. Akianza kuzungumzia ajira 500 za kufagia na kulinda geti, tumshukuru kwa kutembelea.

Mnaonaje wadau? Hasa nyie mliokuwa mnatikisa vichwa kwenye semina, uwanja ni wenu, nipingeni kwa hoja. Na kama kuna mtu anamjua fundi wa vimeza vya kubangulia popote pale, Tunduru, Liwale, Mkuranga, hata Kilifi kwa ndugu zetu wa Kenya, niambieni anakopatikana. Nina mtu pale Masasi ningependa akutane naye kabla hajasahau alivyogeuza kile kisu.

Ngoja nikimbilie bwenini, mwenye kompyuta ameshanikazia macho. Alamsiki.